Watoto Saba wa Pitia

Habari ilifika kijiweni petu Koboko kabla chai yangu ya kuuza haijachemka: madamu wa Kampala, jina lake Margaret, anazunguka akiuliza kama walimu wanawatendea sawa watoto Wakakwa, Wanubi na wale waliorudi kutoka Zaire. Anaandika kwenye karatasi.

"Karatasi?" Pitia, tunayemwita Redio, aliruka. "Hiyo ni mgao! Kule kambini Zaire karatasi ilitangulia, blanketi ikafuata."

"Anauliza ya shule, wewe!" alisema mzee Sulaiti, yaani Sajini. "Mjukuu wangu Kulusum alifika darasa la sita kule Zaire. Hapa wamemutupa la tatu, eti alisoma Kifaransa. Miaka kumi na tatu, magoti inagonga meza! Anasema Jumatatu harudi tena."

Mwalimu Enoch alikunywa chai yake, macho ndani ya kikombe.

Madamu akafika. Nikampa kiti. Redio hakungoja swali.

"Andika! Mimi iko na batoto saba, wote wa Zaire, wote wamerudishwa la tatu!"

"Saba, darasa moja?"

"Pacha, madamu. Pacha mara nyingi."

"Redio, bibi yako alikukimbia bila hata mtoto moja!"

"Nyamaza, Sajini! Unataka blanketi peke yako?"

Madamu akaweka kalamu chini. "Na wewe, mzee, wako wangapi?"

"Moja."

"Naye ni pacha?"

Sajini, anayetisha soko zima, akavua kofia. Mimi namjua Kulusum, jioni hunifundisha hesabu. Nilitaka kusema hivyo, nikaishia kumimina chai.

"Huyo iko kweli," alisema Mwalimu Enoch. "Mimi ndiye nilimrudisha. Nilimpima kwa Kiingereza. Halafu nikaandika hesabu ubaoni, akamaliza kabla yangu."

"Ukafanya nini?"

"Niliona haya. Nikafuta ubao."

Sajini akasimama. Tukadhani anatafuta fimbo. "Mwalimu, sema tena, polepole. Madamu aandike."

Akasema tena, akaongeza: "Jumatatu ataingia la sita. Kiingereza nitamfundisha mimi mwenyewe."

"Na wangu saba?" aliuliza Redio.

"Lete. Nitawapima hapa hapa."

Redio akapanda baiskeli, akapotelea upande wa soko. Hata birika la pili halijaisha, alirudi na watoto watatu wa jirani, wamebanana nyuma yake.

"Wengine iko njiani!"

Mwalimu hajafungua mdomo, kale kadogo kakamvuta madamu sketi.

"Blanketi yangu iko wapi?"