Unga wa Foliki wa Daktari Otiende

Phelix Otiende hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, naye hakuwahi kuvunja hata kijiti cha kiberiti. Watu walimfungulia wenyewe na kumwekea chai mezani. Jumanne moja ya mwaka wa tisini na sita alikuwa kwenye banda la kupimia majani chai, upande wa Merigi, akiuza miwani ambayo ukiivaa unamwona ng'ombe mmoja kuwa wawili. Akina mama walikuwa wameketi kando ya vikapu vyao wakingoja lori la majani, na lori, kama kawaida yake, halikuwa na haraka.

Aliyeharibu biashara ya miwani siku hiyo ni Sista Chepkurui, mwuguzi wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alipanda juu ya kreti ya soda akaanza kuhubiri juu ya kitu kinachoitwa foliki.

"Mwili wa mama unahitaji foliki," alisema. "Iko kwa mboga za kijani, iko kwa maharagwe, lakini ile tunapata kwa chakula mara nyingi haitoshi. Ikikosekana, damu inaisha. Mwanamke yeyote ambaye bado ako umri wa kuzaa akuje achukue vidonge. Ni bure. Dirisha ni lile pale."

Wote waligeuka kulitazama dirisha. Kisha wote wakatazama vidole vyao vya miguu.

Dirisha hilo lilielekea barabara, na kando ya barabara palikuwa na ukuta mfupi ambapo mama wakwe wa kata nzima walipenda kuketi wakiota jua. Na katika nchi hiyo mimba haitangazwi. Hufichwa chini ya sweta na leso mpaka siku itakapojitangaza yenyewe. Mwanamke akisimama pale kuomba dawa ya uzazi, ni heri angepewa kipaza sauti kabisa. Sista mwenyewe alizaliwa huko na alilijua tatizo vizuri, lakini dirisha lilijengwa na serikali, nayo serikali haina mama mkwe.

Phelix alilitazama dirisha, akawatazama akina mama, na miwani ikamtoka akilini papo hapo. Kitu kinachogawiwa bure hadharani na watu wanaona haya kukichukua, kwa nini kisiuzwe kwa siri?

Aliondoka kabla hotuba haijafika nusu. Sababu moja ilikuwa haraka ya biashara. Ya pili hakumwambia mtu. Sista alikuwa ameanza kutaja migongo ya watoto wachanga, na miguu ya Phelix ilijiondokea yenyewe. Miaka mitatu nyuma mke wake, Maxine, alijifungua mtoto wa kiume ambaye mgongo wake haukuwa umefunga. Aliishi siku mbili. Mama yake Phelix alituma ujumbe kutoka kwao ziwani kwamba hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Phelix hakusema kitu, wala hakuwa amesema mpaka siku hiyo. Alitaka mtoto mwingine kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, na kila Maxine alipogusia habari hiyo, yeye alikumbuka ghafla kwamba anatoka kwenda kununua sigara. Havuti sigara.

Kesho yake alikuwa kwa Kogo Rodah, bibi kizee aliyekuwa na shamba kubwa la saga, zile mboga chungu ambazo wenyeji huziita isagek.

"Kogo, nataka saga. Magunia. Unianikie juani vizuri, halafu unitwangie iwe unga."

"Unga wa isagek?" Kogo Rodah alimtazama kwa jicho moja, lile lingine lilikuwa likitafuta bei. "Ya kazi gani?"

"Ya sungura."

"Sungura wa wapi anakula unga?"

"Wa Wazungu, Kogo. Wao hawana meno."

Kogo Rodah alitikisa kichwa kwa huzuni kwa ajili ya sungura wa Wazungu, kisha akataja bei ya nyama. Phelix alilipa bila kunung'unika. Alinunua pia koti jeupe kuukuu la mwenye bucha, akalifua mara nne, na lile doa la mfukoni likakubali kuitwa dawa ya vidonda. Alifunga unga wake katika vipande vya gazeti kama majani chai ya kupima, akatokea upande wa pili wa kilima akiwa Daktari Otiende.

Hakuuza sokoni. Alipita kati ya michai, mama mmoja baada ya mwingine, akiongea chini chini.

"Dada, hii si ya kila mtu. Nimekuangalia, nikaona huyu ana siri na ana heshima. Ni foliki kavu. Unatia kijiko kwa uji, hata mama mkwe akikuona atasema unakunywa uji."

"Na ile ya Sista?" aliuliza Cherotich, bibi harusi wa miezi miwili ambaye bado aliona haya hata kumwita mbuzi kwa sauti.

"Ile ya dirishani? Weka kando kabisa. Dawa mbili zinapigana ndani ya tumbo, na unajua vita vikianza ni nyasi inaumia."

Cherotich alinunua pakiti mbili. Mwenzake wa mstari wa tatu alinunua moja. Kila mmoja aliapishwa kwamba ni yeye peke yake aliyepewa nafasi hiyo, na kila mmoja alitunza siri kama yai. Ndani ya wiki sita Daktari Otiende alikuwa ameuza siri moja kwa wanawake thelathini. Maxine alinunuliwa viatu vya ngozi, na alipouliza, akaambiwa watu wa Bomet wameanza kupenda kusoma, na miwani inaisha.

Maxine alivivaa. Hakuuliza tena, na mume mwenye akili angeogopa hapo hapo.

Jumanne ya wiki ya sita Phelix alirudi nyumbani adhuhuri na kumkuta mkewe amesimama kando ya jiko, anakoroga kikombe cha uji wa kijani.

"Ni nini hiyo?"

"Dawa," alisema Maxine. "Cherotich alinipatia. Inaitwa foliki kavu."

Phelix aliketi juu ya ndoo iliyokuwa na maji.

"Umekunywa siku ngapi?" aliuliza, huku maji yakimpanda kwenye suruali.

"Nyingi tu."

"Na vidonge? Si Sista anapeana vidonge?"

"Mimi niende kunywa vidonge juu ya hii? Kuna daktari fulani alisema dawa mbili zinapigana kwa tumbo." Akanywa funda moja, akakunja uso. "Inakaa kama dek, zile saga za kwetu. Lakini daktari ni daktari."

Phelix alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi nyumbani kama mtoto aliyefukuzwa shule. "Maxine. Hii dawa ni ya akina mama wa... yaani, wewe uko...?"

Maxine aliinamisha kichwa. Aliweka mkono juu ya tumbo, taratibu, wala hakujibu.

Sasa, Phelix alikuwa amefundisha vijana wengi mtaani kwamba mjanja hodari haongei sana; hunyamaza kidogo, na mteja hujijazia mwenyewe. Siku hiyo alijijazia mpaka akafurika. Alimpokonya kikombe, akamwaga uji nje, akatoka mbio na suruali inadondoka maji, njia yote mpaka zahanati.

Ilikuwa saa ya majani. Banda limejaa, lori halijafika, ukutani mama wakwe wameshaketi. Phelix alipita katikati yao wote, akakamata nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Sista! Niokoe! Bibi yangu amekunywa unga wangu!"

Sista Chepkurui alikuwa akiandika kwenye daftari. Hakuinua kichwa. "Unga gani?"

"Wa foliki!"

"Sema kwa nguvu kidogo, hii dirisha haipitishi sauti."

"WA FOLIKI! Ile nauzia wamama! Si foliki, ni saga! Ni saga imeanikwa ikatwangwa!"

 Kule bandani vikapu vikaanza kusogezwa, na akina mama wakavuka barabara wakiwa kundi moja.

"Saga iko na foliki," alisema Sista, akifunga daftari kwa utulivu. "Ikiwa mbichi, ipikwe kidogo. Wewe uliianika kwa jua, halafu wakaichemsha na uji. Imebaki rangi. Sasa uniambie, Daktari, foliki inasaidia nini?"

"Damu."

"Na nini ingine?"

 Hapo kwenye hotuba ndipo Phelix alipokuwa ameondoka.

"Mgongo wa mtoto," Sista alisema, na sauti yake ikashuka. "Uti wa mgongo unafunga wiki nne za kwanza. Hapo mama hata hajajua kama ako na mimba. Akingoja mpaka tumbo ionekane ndio aanze kukunywa, ile kazi imeshapita. Kwa hivyo foliki inaanzwa lini?"

"Ka... kabla?"

"Sema."

"Kabla," alisema Phelix. "Kabla ya mimba."

"Mwezi mzima kabla, au zaidi. Haizuii kila ugonjwa, lakini inazuia watoto wengi kuzaliwa hivyo."

Phelix alizidi kuzikamata zile nondo. Watu waliokuwa wameanza kucheka waliona uso wake wakaacha.

"Sisi tulizika mmoja," alisema. Sauti ya biashara ilikuwa imemwisha, na ile iliyobaki hakuna mtu aliyewahi kuisikia. "Alikuwa na mgongo wazi. Kijana. Mimi ndiye nilimbeba. Na sasa nimemuulia mama yake mtoto wa pili kwa mkono yangu, juu ya pakiti ya saga."

Alilia pale dirishani, mtu mzima aliyevaa suruali yenye maji, na ilikuwa kweli mara hii; hakuna aliyetafuta mfuko wake kuhakikisha pesa bado zimo.

Wa kwanza kusema ni Cherotich. "Lakini wewe," alisema, haya yote ikiwa imemwisha, "uliniambia ni mimi peke yangu!"

"Wewe?" akadakia mwenzake wa mstari wa tatu. "Si mimi ndiye niko na siri na heshima?"

"Hata mimi nilikuwa na heshima!"

Wanawake thelathini walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameficha pakiti yake chini ya godoro akidhani ni peke yake kata nzima, na sasa siri zote zilikuwa barabarani mchana kweupe, mbele ya mama wakwe. Mmoja alianza kucheka. Kicheko kilipofika ukutani, mama mkwe wa Cherotich akasema kwa sauti kwamba kama foliki ingekuwako enzi zake angeila kama njugu, na msichana asimame mbele kwenye laini kabla dawa haijaisha.

"Na sungura?" Kogo Rodah aliuliza kutoka nyuma. "Weri, kijana wangu, sungura wako wanaendelea aje?"

Phelix hakuwasikia. Alikuwa akiomba barua ya hospitali, akiuliza kama kuna sindano, kama kuna maombi, kama anaweza kuuza figo. Ndipo mlango wa zahanati ukafunguliwa na Maxine akatoka kwa ndani. Alikuwa amepitia nyuma, kwenye shamba la mahindi, na vile viatu vya ngozi vilikuwa vimejaa matope. Mkononi alishika bahasha ya dawa.

"Bibi yako alikuja hapa ile Jumanne ya kwanza, wewe ukishaondoka," alisema Sista. "Ni yeye tu alivuka barabara. Nilimwandikia barua aende kwa daktari wa hospitali, kwa sababu mama aliyepoteza mtoto hivyo anapewa kipimo kikubwa. Hajaruka siku hata moja."

Phelix alimtazama mkewe, akamtazama Sista, akahesabu wajanja waliokuwa mbele yake na kukuta ni wawili. "Na ule uji?"

"Ulikuwa uji na dek," Maxine alisema. "Usiku ukilala unauzia Cherotich foliki kavu kwa sauti, mimi nasikia yote. Nilikunywa mara moja tu, juu yako. Mbaya sana."

"Kwa hivyo mtoto ako salama?" Alimsogelea, akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Sema, Maxine. Mtoto ako sawa?"

"Mtoto gani?"

"Si uliniambia una mimba!"

"Mimi nilinyamaza. Ni wewe ulisema."

Laini nzima iligeuka kusikiliza.   Akina mama walikwisha kukata shauri lao juu ya Phelix: atapanda kwenye kreti ya Sista kila Jumanne, aitangaze foliki kwa mdomo ule ule, kweli tupu na bila malipo, mpaka wao wenyewe watosheke. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

Maxine alimshika mkono. Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi pia, na hakuyaficha.

"Miaka mitatu nangoja uongee juu ya mtoto wetu," alimwambia polepole. "Leo umeongea. Sasa twende nyumbani, Phelix. Dawa nimekunywa wiki sita kamili. Mimi kazi yangu nimefanya. Imebaki yako."

Mama wakwe wote, ukuta mzima, walishangilia.