Maksai wa Baba Langoni

Jumatatu, 4 Machi
Nimetangaza vita na kiwanda cha nyama. Kwa penseli. Mdomo sina; mwalimu akiita jina langu natokwa jasho. Lakini mkono ninao! Machinjio yote madogo kiwanda kimeyanunua na kuyafunga, kwa hiyo usipowauzia wao, ng'ombe wako ni pambo. Wanapokelewa asubuhi, wanasimamishwa juani bila tone la maji, wanapimwa jioni wakiwa wamenywea. Baba analalamika njia nzima. Akifika mizani, anasema asante bosi.
Nimemchora Meneja amekaa juu ya maksai, wafugaji wamemshikia mwavuli. Tumbo lake limenipa raha isiyo na kifani.

Jumanne, 5 Machi
Sikuweka jina. Maneno nimeandika kwa mkono wa kushoto, tena kwa lugha zote mbili za shule, ili ionekane kazi ya watu wawili. Nikaibandika kwenye lango la kiwanda. Hakuna aliyeniona. Mimi jini!

Jumatano, 6 Machi
Mji mzima unacheka. Binamu yangu, mchora maua, yule aliyepewa cheti, anasema aliyechora ile katuni ni moto wa kuotea mbali. Nikauliza, je, kama ni mimi? Akacheka mpaka akakaa chini. Eti mimi hata kupiga chafya naomba ruhusa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwisha.
Baba kapeleka ng'ombe wetu wote watano. Malisho yamekauka, hawafiki mwisho wa mwezi. Wamerudishwa! Kumbe Meneja hakujijua kabisa. Aliiangalia katuni akauliza yule bonge ni nani. Mpimaji akamjibu bonge hamfahamu, ila huyo maksai alimpima mwenyewe mwaka jana akakataliwa kwa kukonda: pembe ya kushoto imeshukia jicho, pajani ana doa kama kata ya kuchotea maji. Ni wa mzee fulani, na mzee ana binti wa kuchorachora. Ikatosha: aliyechafua lango kajulikana, ng'ombe wake warudi.
Nilificha kila kitu isipokuwa maksai. Sasa ningefanyaje? Ndiye pekee anayetulia nikimchora. Na huku kwetu mtu atasahau sura ya shemeji yake, si ya ng'ombe.

Ijumaa, 8 Machi
Baba hakunipiga. Bora angenipiga. Kaniita "mama", kama afanyavyo akiishiwa nguvu, akauliza dunia nzima nimekosa ng'ombe wa kuchora? Mama kasema kosa si ng'ombe, kosa ni lile tumbo.
Tukaenda kuomba radhi. Kuomba radhi najua kwa lugha mbili. Zote zilinitoroka. Nikatoa picha niliyoandaa: Meneja mwembamba, kifua mbele. Akaitazama weee. Akasema huyu sasa amefanana naye sana. Walete Jumatatu, wawe wa mwisho kwenye foleni.
Nimeshinda! Nilimwambia Baba hivyo. Yeye alikuwa akikagua kamba za ng'ombe.

Jumanne, 12 Machi
Wa mwisho maana yake ni siku mbili uani, juani. Maksai alikuwa akilamba bomba kavu la ukutani. Walipopandishwa kwenye mizani, mpimaji mwenyewe aliangalia pembeni. Meneja akasema hii ni mifupa, atalipa bei ya mifupa. Hakuna pengine pa kuwapeleka. Baba akasema asante bosi.
Tumerudi kwa miguu, Baba mbele, kamba tano begani. Zizi limebaki wazi. Hakuna aliyeona haja ya kulifunga.

Jumatano, 13 Machi
Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Kosa ni ng'ombe! Katuni mpya haina hata kwato moja. Meneja anamkamua mfugaji kama nguo iliyofuliwa, basi. Nilihitaji mtu wa kumtazama, na bahati nzuri Baba siku hizi hana kazi, anakaa tu mlangoni pa zizi. Alitulia saa nzima. Nimepata kofia yake iliyotoboka, kiraka cha goti, hata lile kovu la kidevuni.
Kesho asubuhi naibandika langoni. Safari hii hawanipati!