Anayepokea Hutaja Jina

Jumatatu, 22 Oktoba 2018

Barua kutoka kampuni ya simu. Laini za zamani zinazimwa. Kuanzia mwisho wa mwaka simu zote za kijiji zitapita kwenye intaneti, nitake nisitake. Barua inaniita "mteja mpendwa". Upuuzi! Nilikuwa karani mkuu wa bodi ya mifereji kwa miaka thelathini na minane. Nilipotaka mtu azibue mfereji wake, nilimwandikia kwa jina.

Nimeamua: sihami. Simu yangu ya mezani iko ukumbini tangu enzi za baba, namba 417. Ikilia, naipokea nimesimama wima na kutaja jina la ukoo: Oltmanns. Anayepokea hutaja jina kwanza, ndipo anayepiga naye ajitaje. Mama alitufundisha hivyo, mimi na mdogo wangu Reent, kwa kofi ilipobidi. Simu haihitaji ustaarabu zaidi ya huo.

Chai saa tisa, vikombe vitatu. Barua nimeiweka chini ya birika.

Jumanne, 23 Oktoba

Nilimpigia Bi Theda Ukena, jirani yangu, kuhusu ua wake wa miti unaoingia kwangu sentimita kumi na moja. Hakupokea. Nikatoka nje. Kumbe yupo dirishani, anakunywa chai!

Nikamuuliza kulikoni. Hana hata haya. Akasema simu yake mpya ya intaneti ina kioo, na kwenye kioo hutokea namba ya anayepiga. Akiona 417, anaiacha ilie mpaka ichoke yenyewe. Amefanya hivyo tangu Machi! Akaongeza kwamba tangu Machi hiyo hiyo presha yake imeshuka, na daktari amempongeza.

Nilirudi ndani. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: namba ya anayepiga huonekana.

Sasa niandike jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Mama alifariki tarehe 14 Novemba 1998. Baada ya maziko, mimi na Reent tuligombana hapa hapa ukumbini juu ya saa ya ukutani ya baba. Akaitungua, akaifunga kwenye blanketi, akaondoka nayo. Hatujasemezana tena. Mara nasikia yuko Kiel, mara Flensburg. Sina anwani wala namba. Lakini kila mwaka tarehe 14 Novemba, saa kumi kamili alasiri, simu yangu inalia. Napokea. Kimya. Mtu anapumua. Kisha nyuma yake saa inagonga mara tano badala ya nne. Ni saa ya baba, daima huongeza pigo moja. Halafu anakata. Mara kumi na tisa mpaka leo.

Siku hiyo peke yake mimi sitaji jina. Nitaje kwa nini? Najua ni yeye. Aliyekosa ndiye aanze kusema.

Mpango: nihamie simu ya intaneti kabla ya tarehe 14. Atapiga, namba itajitokeza, nitainakili. Halafu nitampigia siku asiyotarajia, wakati wa chakula, mdomo ukiwa nusu umejaa. Atapokea na kusema "Oltmanns" kwa mazoea. Atakuwa ameanza yeye! Baada ya hapo nitaweza kuzungumza naye kwa heshima zangu zote.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nimechagua kampuni nyingine kabisa, kwa kuwa Bi Theda yuko na ile ya kwanza. Sitaki waya mmoja na mwanamke yule.

Fomu ya kampuni mpya ina kurasa sita. Ukurasa wa nne wameandika kwa herufi nzito: mteja asivunje mkataba wa zamani yeye mwenyewe, kampuni itauvunja kwa niaba yake na kuihamisha namba. Nimecheka. Eti waniachishe wao! Mtu mzima huaga mwenyewe.

Nimeandika barua ya rejista, nakala mbili. Nimewataka wazime laini yangu ifikapo tarehe 6 Novemba bila kuchelewa. Nimemalizia kwa sentensi ambayo nimeisoma mara kadhaa kwa sauti: "Nawarudishia laini hiyo pamoja na vyote vilivyo vyake, nami sidai kitu." Ina uzito. Siku hizi hakuna anayeandika hivi.

Bi Theda alikuwa posta. Aliitazama bahasha, akauliza kama nimesoma ukurasa wa nne. Nikamwambia nilikuwa nasoma kurasa za nne kabla hajajua kusoma. Akasema amenizidi miaka mitatu.

Jumatano, 7 Novemba

Fundi amekuja. Mama mmoja mnene, Bi Kalinowski, amevaa buti za mpira. Ameweka kisanduku cha intaneti sebuleni karibu na televisheni, akachomeka simu mpya ndani yake, akaipigia kwa simu yake ya mkononi. Ikalia. Kwenye kioo namba ikatokea, kubwa, nyeusi, kila tarakimu inasomeka bila miwani! Nilishika kiti. Yule mama akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikasema ni mgongo.

Kabla ya kuondoka akanisisitizia: mzee wangu, simu hii ikae kwenye kisanduku, usiitoe. Nikamhakikishia.

Lakini simu ya nyumba hii mahali pake ni ukumbini. Siwezi kuongea na Reent mbele ya televisheni. Alipoondoka nimeihamishia ukumbini na kuichomeka kwenye tundu la zamani la ukutani, lililokuwapo tangu enzi za baba. Imeingia vizuri. Kioo kinawaka kwa betri yake.

Zimebaki siku saba. Penseli iko tayari, imechongwa.

Jumapili, 11 Novemba

Siku nne na hakuna aliyepiga. Nilidhani ndio utulivu wa simu mpya, nikaufurahia.

Leo Bi Theda amekuja na hasira hadi mlangoni. Bomba langu la maji ya mvua linamwaga upande wake, amenipigia tangu Alhamisi, na kila mara sauti ya mwanamke humwambia namba hiyo haipo. Nikamwambia amekosea kubonyeza. Akaingia bila kukaribishwa, akafuata waya wa simu kwa macho mpaka tundu la ukutani, kisha akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeanguka mferejini. Akaeleza kwamba tundu lile limekufa, na kwamba hata mjukuu wake wa darasa la kwanza anajua simu ya intaneti huchomekwa kwenye intaneti.

Akaihamisha sebuleni. Ikawa hai. Nilikuwa tayari kumshukuru, karibu kabisa. Ndipo akatoa simu yake ya mkononi, akabonyeza 417 mbele yangu, akaniwekea sikioni.

"Namba unayopiga haitumiki."

Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu mara tatu. Yule mwanamke wa ndani ya simu hana wasiwasi wowote, anasema vile vile kila mara.

Jumatatu, 12 Novemba

Kampuni mpya: dakika arobaini na tano za muziki wa filimbi. Kisha kijana mpole akanieleza kwamba nimepewa namba mpya yenye tarakimu sita. 417 hawakuweza kuihamisha, kwa kuwa nilivunja mkataba mwenyewe. Nijaribu kampuni ya zamani, pengine bado wanayo.

Kampuni ya zamani: muziki wa kinanda. Kisha bibi mmoja akaniambia huwa kuna njia ya kuirudisha, ila kwenye faili yangu kuna barua. Akanisomea. "Pamoja na vyote vilivyo vyake, nami sidai kitu." Alisoma vizuri sana, kwa kituo. Akasema ni nadra wateja kuandika waziwazi namna hii. Namba sasa imo kapuni pamoja na nyingine zilizoachwa, na kuiomba upya ni wiki sita.

Nilimwambia zimebaki siku mbili. Akauliza siku mbili kabla ya nini. Nikakata.

Jumanne, 13 Novemba

Nimekwenda posta kupekua kitabu cha simu cha Kiel, na cha Flensburg. Oltmanns wa Flensburg ni daktari wa meno. Nikampigia, nikamuuliza kama ana saa inayogonga mara tano. Akaniuliza kama nina maumivu.

Hakuna mpango mwingine. Nimekaa nikifikiri mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 14 Novemba

Nimevaa suti. Simu mpya mkono wa kulia, sebuleni. Ile ya zamani nimeitoa stoo na kuichomeka ukumbini kwenye tundu lililokufa, endapo italia. Mlango kati ya vyumba nimeuacha wazi.

Saa kumi. Hakuna kitu.

Saa kumi na nusu. Hakuna kitu.

Mahali fulani amebonyeza 417 na kuambiwa haitumiki. Nimekuwa nikijiambia kwamba nangoja aombe radhi. Si kweli. Nilikuwa nangoja kumsikia akipumua. Mwaka mzima nangoja dakika hiyo moja, na nimeizima mwenyewe kwa barua ya rejista. Nimelia kidogo. Nakala ya barua nimeitia jikoni motoni.

Ijumaa, 16 Novemba

Asubuhi Bi Theda alikwenda makaburini kumwagilia maua ya marehemu mumewe. Akamkuta mwanamume mwenye mvi, suti nyeusi, amebeba shada la maziko, anazunguka kaburi la mama akitafuta kaburi jipya pembeni. Akamuuliza anamtafuta nani. Akasema kaka yake, Wiard Oltmanns. Namba yake imefutwa, akaelewa amefariki. Bi Theda (anasimulia mwenyewe, kwa raha) alimwambia: huyo? Huyo mzima wa afya, gubu lake liko pale pale, twende nikuonyeshe.

Nikafungua mlango. Reent! Amezeeka. Ana shingo ya baba. Mimi niko hai mbele yake, yeye ana shada langu mkononi. Bi Theda akatusukuma ndani wote wawili kwa mfuko wake wa bustani.

Shada lina utepe mweupe, herufi za dhahabu: "Kwa kaka yangu Wiard. Nisamehe. Reent."

Niliusoma mara mbili. Kisha nikaweka maji ya chai, kwa kuwa mtu lazima afanye kitu. Donge la sukari, chai, krimu pembeni bila kukoroga. Alinywa vikombe vitatu kama alivyolelewa, akatia kijiko kikombeni kuonyesha basi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nikamuuliza kwa nini amenyamaza kwenye simu miaka kumi na tisa. Akashangaa. Mimi? Wewe! Akasema kila mwaka alikuwa na maneno tayari, ameyaandika kwenye karatasi. Anapiga, mkonga unanyanyuliwa, anangoja asikie "Oltmanns" kama mama alivyofundisha, na hasikii kitu. Akajua kaka hamtaki hata kumtajia jina lao. Basi saa ikigonga anakata. Nikamwambia aliyekosa ndiye huanza. Akasema anayepokea ndiye huanza. Tukapandisha sauti. Nilisikia ile sauti yake ya utotoni kabisa, ikipasuka juu, na sikutaka anyamaze.

Bi Theda akapiga meza. Watu wazima, akasema, mnanuniana kama watoto wa chekechea, aibu! Akatuandikisha mapatano, yeye shahidi: kuanzia leo yeyote anayepokea ataje jina. Tukatia saini. Akaingiza namba ya Reent kwenye simu yangu na yangu kwenye yake, akisema sisi hatuaminiki na vitufe.

Reent akataka kunirudishia saa ya baba. Nikakataa. Nimemwambia ukuta una unyevu. Ukweli ni kwamba nimezoea kuisikia ikitoka kwake.

Mlangoni alinishika bega. Basi la saa tisa. Nimesimama mpaka likapotea nyuma ya boma la kuzuia bahari.

Jumapili, 18 Novemba

Utepe nimeutundika ukumbini, palipokuwa na saa. Shada nimempelekea mama.

Bomba la maji nimelirekebisha. Bi Theda hajasema asante. Ua wake bado ni sentimita kumi na moja.

Jumatano, 21 Novemba

Saa kumi kasoro dakika moja simu imelia. Kwenye kioo: REENT. Herufi kubwa. Moyo ulinienda mbio kama wa mvulana.

Nikapokea. Jina lilikuwa tayari ulimini. Halafu nikafikiri. Mapatano ni mapatano, sawa. Lakini mimi ndiye mkubwa. Na kioo kimekwisha kumtaja yeye, kwa hiyo kwa taratibu za bodi yoyote duniani aliyetajwa ndiye aendelee. Tena utepe ni ushahidi wa maandishi. Nikanyamaza.

Naye kimya. Anapumua.

Saa ya baba ikagonga mara tano. Nikangoja akate. Hakukata. Kumbe naye ana simu ya intaneti, halipii kwa dakika.

Bi Theda amepita dirishani, ameniona na simu sikioni, mdomo umefungwa. Ameshika kichwa na kuondoka.

Saa kumi na moja. Imegonga mara sita. Bado yupo. Naandika haya kwa mkono wa kulia, simu iko sikio la kushoto. Chai imepoa na sijali.

Amekohoa. Naona yu karibu kushindwa.