Kimea Nyuma ya Kompyuta

Jumatatu, 6 Julai

Baridi. Upepo wa Ufipa hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya soksi. Faith ana miezi tisa na meno mawili, na yote mawili yamenikesheza. Nimefungua steshenari saa mbili badala ya saa moja. Clemens alishafungua zamani. Yeye yuko ng'ambo ya barabara, anachapa na kutoa kopi kama mimi, ila hana mtoto mgongoni wala aibu usoni. Leo ametundika bango: HAPA WINDOWS 11. Herufi nyekundu. Watu wa mtaa wetu wa Mazwi wanashuka kwenye baiskeli kulisoma!

Mimi nina Windows 10, kwenye kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba. Toka Oktoba mwaka jana hiyo kumi imestaafishwa, masasisho yake ya kawaida yamekwisha. Nilijaribu kuipandisha iwe kumi na moja. Mashine ikaniambia haijatimiza vigezo. Kama maombi yangu ya ajira.

Mteja mmoja kauliza kwangu ni kumi au kumi na moja. Nikamwambia barua ya kuomba ruhusa kazini haiangalii namba. Akavuka barabara.

Nimekata shauri. Mpango: bango langu, lenye jedwali la kulinganisha mifumo yote ya kompyuta duniani, na mshindi niwe mimi. Nimelichora Faith akinyonya. Windows 10: kila mtu anaijua, ila imestaafu. Windows 11: mpya, inapendeza, haitaki mashine za wazee. Mac: nimeiona mara moja, mezani kwa Sista Josefina, imekaa kama vyombo vya wageni kabatini, nikaogopa hata kuisogelea. Simu: vijana wanasema inatosha. Waje waandike barua ya kurasa nne kwa kidole gumba.

Nimejumlisha. Mshindi ni Clemens. Jedwali nimelichora mwenyewe na limenisaliti.

Jioni Bibi Fransiska, mwenye chumba hiki, kaja kumsalimia Faith. Anamwita "mke mwenzangu", kwa utani wa bibi na mjukuu. Kasema ameshaloweka ulezi, Jumatano ataleta kapu. Huo ndio mkataba wetu. Kodi yake ni ndogo mno, nami msimu wa baridi namwoteshea kimea cha pombe nyuma ya kompyuta, kwenye joto. Mashine yangu inachemka kama jiko. Ulezi unachipua siku mbili tu, wakati kwa wenzake unachukua nne.

Jumanne, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu, nimefungua hivyo hivyo. Mwalimu Shija kapita. Anafundisha kompyuta sekondari, ni rafiki wa mume wangu Yohanes, ambaye yuko na lori Mpanda na harudi mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwonyesha jedwali. Akacheka mpaka akavua miwani. Kasema nimesahau mmoja: Linux. Wa bure, hauchagui mashine, na anao mpya kabisa kwenye flashi, umetoka mwaka huu.

Nikamuuliza upi ni bora kuliko yote. Akafikiri kwanza, kama anavyofikiri mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, hana haraka. "Shemeji," akasema, "mfumo ni jiko tu. Uliza kwanza unapika nini, na nani anakula."

Maneno mazuri. Ila hayaingii kwenye jedwali. Nikamwambia aweke.

Akafungua kasha, akasugua feni kwa brashi. Vumbi la kujaza kibaba! Punje za ulezi pia. Moja ilikuwa imechipua. Akaiweka kwenye kiganja, akaigeuza kwa kidole. Kisha akaniambia nisiisingizie ile kumi, joto lote lile lilikuwa vumbi langu na programu ishirini na mbili nilizopakua mwenyewe nisizojua kazi zake.

Saa kumi mfumo mpya umekaa. Ajabu! Kimya. Feni haisikiki. Printa imekubali. Nimepima muda wa kuwaka kwa Salamu Maria, maana simu ilikuwa kwenye chaji. Nilisimama dirishani kwa Clemens, nikahesabu: tano. Kwangu: moja na nusu. Naandika hapa tu kwamba kwa Clemens nilisali mbio kama mtu aliyechelewa misa, na kwangu nilisali kwa ibada.

Bango limetoka. LINUX: SALAMU MARIA MOJA NA NUSU. HAINA VIRUSI HAINA KELELE. Hiyo ya virusi Mwalimu kasema sio kweli kabisa, nipunguze. Karatasi ya manila ilikuwa imekwisha.

Faith kagoma kulala mchana. Tangu azaliwe amelala kwa mlio wa ile feni. Nimemwimbia mlio wa feni kwa saa nzima.

Jumatano, 8 Julai

Siku ya kwanza ya mfumo mpya. Wateja wanne walisoma bango, wawili wakaingia. Mmoja alitafuta ile W ya bluu ya Word kwenye kioo, hakuiona, akanitazama kama nimemwibia. Nikamfungulia maelezo yake ya kuombea kazi kwa programu nyingine. Yakafunguka, ila jina lake likashuka ukurasa wa pili peke yake. Kosa langu, sikuweka aina za herufi alizoniachia Mwalimu. Akavuka barabara.

Bibi kaleta kapu. Ulezi umejaa maji, umefunikwa gunia. Akalisukuma nyuma ya mashine, mahali pake pa siku zote, akakaa kwenye kiti cha wateja na Faith mapajani kwa saa nzima. Kasema huu ni wa misa ya kumbukumbu ya marehemu mumewe, Mzee Felisiani, Jumapili ya tarehe 19. Ndugu wa kijijini Kate wanakuja wote. Kimea lazima kiwe kimechipua Jumamosi hii, kianikwe, kisagwe. Pombe ya mumewe haiwezi kuwa mbaya, kasema. Alipokuwa hai alimwaga mitungi miwili ya pombe mbovu mbele za watu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mashine ni ile ile.

Alhamisi, 9 Julai

Mashine sio ile ile.

Nimeingiza mkono kapuni asubuhi. Baridi kama kisima. Hakuna hata punje moja iliyotoa mzizi. Joto lilikuwa vumbi, na vumbi nimelifagia Jumanne na kulimwaga Kizwite njiani nikirudi nyumbani.

Bibi kaja. Akaweka kiganja juu ya kompyuta kama anampima mtoto homa. "Mbona imepoa? Inaumwa?"

Nikasema ni hali ya hewa. Akamchukua Faith, akakaa, akamhesabia vidole. Ndipo akanitajia, kama habari ya jirani tu, kwamba Clemens kamfuata Jumanne. Anakitaka chumba hiki, kipo kwenye kona, na kodi atatoa maradufu ya yangu. Nikamuuliza yeye kasemaje. Faith akapiga chafya, Bibi akaanza kumfuta pua, swali likapotea hapo.

Nimewaza siku nzima. Kumbe sikuwa nashindana na Windows 11. Kinachonishikilia kwenye chumba hiki ni joto la kapu moja. Chumba kikienda, narudi nyumbani Kizwite kukaa na mtoto na mahindi, kompyuta chini ya kitanda. Yohanes hatasema neno. Atanunua turubai la kuifunikia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba atakuwa mpole.

Mpango mpya: kuichemsha mashine.

Ijumaa, 10 Julai

Nimefungua video kumi na mbili kwa pamoja. Bando limekwisha, mashine haijatoka hata jasho. Nimeipa hesabu za kuzidisha safu elfu sitini. Ikamaliza, ikanisubiri. Mfumo bora kabisa. Nauchukia.

Saa tano nikaivika blanketi la Faith, nikaziba feni kwa kanga. Ikaanza kupata moto. Nilifurahi! Wakati huo Mary, katibu wa kwaya, alikuwa amekaa pembeni akinisomea maneno ya nyimbo za tarehe 19 nami nachapa. Tulipofika ubeti wa nane mashine ikajizima. Mwalimu aliwahi kunieleza kwamba kompyuta ikizidiwa joto hujizima yenyewe isiungue. Nilikuwa sijahifadhi. Mary kaitazama mashine ilivyovaa blanketi, kanitazama mimi, kauliza kwa upole kama napata muda wa kulala.

Akavuka barabara. Na nyimbo za Mzee Felisiani zikavuka naye.

Basi. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni kando ya kapu. Faith alikuwa mgongoni toka asubuhi. Nilipomfungua, mgongo wangu ulikuwa wa moto, umelowa. Nikapapasa mgongo. Nikaangalia kapu.

Nimeuchuja ulezi, nikaumimina kwenye mfuko wa shuka, nikaufunga kwa gunia, nikaubeba mgongoni kwa kitenge. Faith mbele, kimea nyuma. Maji yananichuruzika mpaka kwenye viatu. Nimetoa kopi hivyo hivyo. Mama mmoja kanipisha kwenye foleni ya bomba la maji.

Clemens hakuvumilia, akavuka yeye safari hii. Akakizunguka kiti changu. "Dada, huyo wa pili umempata lini?"

Nikamwambia ni mapacha, huyu alichelewa. Akauliza mbona hapepesi macho. Nikasema amelala, sio kama watoto wa jirani wanaozunguka kwenye viti vya watu. Akaondoka. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini kwamba kompyuta yake inaomba kuwashwa upya kila anapokuwa na mteja, hajui pa kuzima hilo, na je, huu mfumo wangu unaomba? Nikamwambia hauombi, unanyamaza. Sikumwambia kwamba kunyamaza nako kuna gharama yake.

Usiku nitalala nao wote wawili.

Jumamosi, 11 Julai

Umechipua!

Nimefungua mfuko saa kumi na mbili. Vimizizi vyeupe, vimeshikana, vinanukia udongo mtamu. Mgongo hausimami vizuri na nina kikohozi, ila umechipua. Nikaumimina kapuni, nikalisukuma nyuma ya mashine, nikaiwasha, nikajipangusa. Bibi asingejua kitu.

Bibi akaja. Akainua gunia, akachukua chembe, akaonja. Akaniangalia mimi, sio kimea. Punje zilikuwa zimenasa kwenye nywele zangu, na kitenge kilikuwa kinadondosha maji kwenye kamba. Akaweka tena kiganja juu ya kompyuta. Baridi.

Nikasema yote. Linux, vumbi, blanketi, mgongo. Nikamwambia kama anakitaka chumba, akimpa Clemens nitaelewa, ila aniachie mpaka mwisho wa mwezi.

Akachukua kiti. "Mama Faith, kimea nimekiotesha kando ya jiko langu miaka hamsini. Hilo sanduku limekuja juzi."

Nikamuuliza basi kwa nini analeta kapu huku, kwenye baridi yote hii, na jiko analo.

Alimpokea Faith, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Alipojibu alikuwa anaongea na mtoto. "Tangu Felisiani aondoke, asubuhi isiyo na pa kwenda ni ndefu, mke mwenzangu."

Kisha akasema yeye alishamkatalia Clemens siku ile ile ya Jumanne, kabla huyo hajamaliza sentensi. Akanituma nikalale, yeye atakaa dukani. Hajui kuwasha hata printa. Nimelala kwa muda wa saa tatu kwenye magunia nyuma ya pazia, nikimsikia anawaambia wateja warudi mchana, fundi anapumzika.

Jumapili, 12 Julai

Misa ya kwanza. Nimekohoa wakati wote wa mahubiri, hivyo nilipata nafasi ya kufikiri.

Maneno ya Bibi nimeyageuza huku na huku. Yule mama ana moyo. Hataki kuniambia kwamba mashine imemwangusha. Amezuga na habari za jiko, na asubuhi ndefu, ili nisione aibu. Miaka yote hiyo na miguu ile, anapanda mtaa kila siku na kapu kichwani kwa sababu yangu! Nimeona vibaya sana.

Baada ya misa nikamkuta Mwalimu Shija uwanjani. Nikamuuliza kuhusu kompyuta mbovu ya shuleni aliyowahi kuniambia inapata moto mpaka wanafunzi wanaiota kama jiko. Kasema ipo stoo, hakuna anayeitaka. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya utafiti.

Mpango: namwomba aniwekee ule mfumo wa zamani, programu ishirini na mbili, na asiguse feni. Vumbi nitaleta mwenyewe. Kwenye jedwali nimeshaongeza safu ya joto, na kwa mara ya kwanza Clemens ana sifuri.

Na mashine hiyo siiweki dukani. Naipeleka nyumbani kwa Bibi kabisa, kando ya kitanda chake, kapu liwe pale pale. Mtu mzima kama yule apumzike. Asihangaike tena kuja huku kila asubuhi.

Simwambii kitu mpaka iwake. Atafurahi sana.