Ombi la Kuifuta Kanda ya Sita

Kwa Mtunzi Mkongwe,
Kwa mkono wa ofisi inayosambaza kanda zako (tafadhali msiifungue, ni yake peke yake).

YAH: KUIFUTA KANDA YA SITA NA KUBATILISHA RUHUSA ULIYOMPA BINTI YANGU

Shikamoo mzee wangu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, koo halina mikwaruzo na vidole bado vinapita kwenye nyuzi bila kulalamika. Mimi ni fundi makochi, umri wangu miaka hamsini na nane, na ni katibu wa Chama cha Wasikilizaji Wako. Tuko wanachama saba. Tunakutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana katika karakana yangu, juu ya makochi ya wateja ambayo hayajachukuliwa. Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nimekuandikia barua kumi na moja za sifa maishani mwangu, nawe umenijibu mara moja, kwa picha yako yenye sahihi ya muhuri. Picha hiyo nimeitia fremu. Lakini safari hii, mzee wangu, yamenifika hapa, na kama ungekuwa mbele yangu ungeona kwamba naonyesha shingoni.

Naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Kuhusu kanda yenyewe. Una albamu kumi na nne, na chama kimekwisha kuzipanga. Ya kwanza hadi ya tano ni dhahabu, mtu asituambie kitu. Ya saba na ya nane ni nzuri ukiwa na subira. Ya tisa imetugawa: shemeji yangu mfamasia anaipenda, mimi naivumilia, na mwalimu mstaafu hutoka nje kila inapowekwa. Ya kumi hadi ya kumi na mbili ni za kusikiliza huku unafagia. Ya kumi na tatu ulirudi, tukatoa machozi hadharani, watu wazima. Ya kumi na nne tunaiheshimu kwa sababu ya umri wako.

Utaona nimeruka moja. Chama chote huiruka. Mwaka ule uliwafukuza wapiga ngoma wako, ukanunua kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, ukaimba kupitia puani habari za mtu ambaye kitasa cha mlango wake kimeharibika, akakaa ndani akimsubiri fundi. Dakika saba! Na dakika mbili kati ya hizo ni yeye tu anagonga mlango. Wimbo ukauita "Fundi Hajafika". Mzee wangu, mimi ni fundi. Niliisikiliza kanda hiyo mara moja tu, nikaona inatosha, na wala siyakumbuki maneno yake.

2. Kuhusu wema niliokutendea. Ili kulinda jina lako, niliwaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba mwaka ule ulikuwa mgonjwa na hukurekodi kitu. Binti yangu alipokuwa mdogo nilimfundisha kanda zako kwa mpangilio: moja, mbili, tatu, nne, tano, saba. Alipoanza shule akahesabu hivyo hivyo, mwalimu wake akaniita. Nilikubali kuonekana mjinga kwa ajili yako. Na kanda yenyewe niliishonea ndani ya mto wa kochi letu la sebuleni, katikati kabisa ya sponji. Miaka ishirini na miwili wageni wetu wamekukalia, wakiwemo wakwe zangu. Utaniuliza kwa nini sikuitupa tu jalalani. Ni swali zuri, ila barua hii ina mambo mengi ya kujibu.

Kosa langu ni moja. Mtoto yule yule niliyemfichia kanda ndani ya kochi, nilimfundisha mimi mwenyewe kufumua makochi. Tena akaiva, anafumua mshono bila kuchana hata uzi wa pembeni. Miezi miwili iliyopita akaamua kumshtukiza mama yake kwa kitambaa kipya cha sebuleni. Akafumua mto. Akaja karakanani Jumapili, kikao kimepamba moto, ameishika kanda kwa vidole viwili, akaniuliza kwa upole mkubwa kama ule ugonjwa wa mtunzi ulikuwa na nyimbo tisa. Mfamasia alicheka mpaka springi za kochi la mteja zikalia.

3. Kuhusu bendi. Binti yangu ana miaka ishirini na minne na hasikilizi muziki unaojulikana. Anasikiliza bendi ndogo ndogo zinazojirekodi zenyewe chumbani, blanketi limetundikwa dirishani, na zinaona fahari kutojulikana. Kuna moja inaitwa Soksi Moja. Kuna nyingine inaitwa Jumanne Haipo, ambayo aliipenda kupita kiasi hadi siku niliyoisikia ikipigwa kwenye duka la simu. Nilimletea habari hiyo mbio mbio kwa furaha. Akanuna, akaifuta siku hiyo hiyo.

Sasa ana ya kwake. Inaitwa Viti Vitatu, kwa sababu wako watatu na wamechukua viti vyangu. Yeye anapiga gitaa la besi. Wameanza kuja kwenye vikao vyetu kubishana, na hoja yao ni kwamba mtunzi asiyekosea ni mtunzi anayejirudia, na kwamba kanda ya sita ndiyo pekee ambamo ulikuwa huru. Yaani miaka yote uliyokuwa unatupa dhahabu ulikuwa kifungoni! Mwalimu mstaafu aliomba maji. Shemeji yangu, mtu niliyempa dada yangu kwa mikono miwili, akasema watoto wana hoja. Tangu siku hiyo chama kimegawanyika, watatu upande huu, watatu upande ule, na katibu katikati anaandika muhtasari.

4. Kuhusu ruhusa. Binti yangu alikuandikia barua moja. Moja, mzee wangu! Tena nyuma ya karatasi ya kukatia vipimo vya mito. Akaomba waurudie "Fundi Hajafika". Ukamjibu ndani ya siku tisa, kurasa mbili, kwa mwandiko wako, ukawaambia wafanye watakavyo na kwamba umefurahi kuona kuna mtu aliyeukumbuka. Barua hiyo nimeisoma. Nimeisoma vipi, tusiulizane. Nilipoona umemwita "mwanangu" mara mbili nilishikwa na wivu, nasema wazi, wivu wa kitoto kabisa, na mpaka leo sijui nilikuwa namwonea nani, wewe au yeye.

5. Kuhusu wimbo kuwa mzuri. Hapa ndipo uliponimaliza. Wangeuharibu, ningewasamehe wote. Walirekodi karakanani siku niliyokwenda kupeleka mzigo, wimbo ukaenea kwenye simu za mtaa mzima. Wameondoa kile kinanda, wamebakiza gitaa, besi, na nyundo yangu ya mpira ikigonga fremu ya mbao taratibu. Wimbo umetulia, na unachoma. Mama watoto anauimba akipiga pasi. Muuza sponji anaupigia mluzi.

Na wateja je? Zamani mteja akija kochi halijaisha, nilimwambia kesho, akaenda zake kwa heshima. Sasa anasimama mlangoni, anakunja mikono, anaimba kwamba fundi hajafika, kasema kesho, na kesho yake ina kesho. Wiki iliyopita mume na mke waliniimbia kwa sauti mbili, wamepangana vizuri kabisa. Nimelazimika kumaliza makochi manne kwa siku niliyoahidi, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nifungue karakana hii. Jirani yangu fundi viatu amekuja kuniuliza kama ninaumwa.

6. Kuhusu nyumba yangu. Jumapili tatu zilizopita, mbele ya kikao, nilisema muziki wa Viti Vitatu ni kelele za samani zikihamishwa. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikusanya mkasi wake, stepla yake na nyundo yake, akahamia chumba cha nyuma tunakoweka magunia ya sponji, na tangu siku hiyo anaongea nami kupitia kwa mama yake. Mama yake anakuja kuniambia fundi wa nyuma anauliza kama fundi wa mbele amemaliza na gundi. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, namsikia hata akipiga chafya, na siwezi kumwambia pole.

Inaniuma, mzee wangu. Miaka sita tumefanya kazi pamoja, yeye anavuta kitambaa, mimi napiga pini, wala hatukuhitaji kuambizana "sasa piga". Siku hizi navuta mwenyewe na kupiga mwenyewe, na vitambaa vinakwenda upande.

Jumamosi hii, saa tisa alasiri, Viti Vitatu watapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Hakunialika. Ila leo asubuhi nimekuta tiketi imepigwa pini kwenye fremu niliyoiacha mezani, imeandikwa kwa mwandiko wake: mtu mmoja, akipenda. Nami nimekwisha kuapa mbele ya wanachama sita kwamba mguu wangu hautakanyaga pale. Unaona ulivyoniweka?

Kwa kuwa chanzo cha haya yote ni wewe, naomba kwa heshima na taadhima ufanye mojawapo ya haya:

(a) Ubatilishe ruhusa kabla ya Jumamosi. Onyesho likifutwa, hakuna atakayesema sikwenda.

(b) Ikishindikana, utangaze kwamba kanda ya sita iliimbwa na mtu mwingine mliyefanana pua.

(c) Ikishindikana, upande jukwaani mwenyewe uuimbe wimbo ule vibaya kama mwanzo, ili watu wakumbuke tulikotoka. Kinanda nitakutafutia mimi.

(d) Ikishindikana kabisa, uniandikie barua ya kuniamuru niende. Iwe kwa mwandiko wako, si muhuri. Nitawaonyesha wanachama kwamba sikuwa na la kufanya, mtunzi mwenyewe kasema.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wajukuu, na wale wapiga ngoma uliowafukuza, kama mlikuja kupatana. Mfamasia anakusalimu, ingawa sikumwambia nakuandikia. Mwalimu mstaafu anasema kanda ya kumi na tano isizidi nyimbo nane. Mama watoto anakusalimu kwa kuimba, na wimbo wenyewe unaujua.

Ni mimi niliyekutetea penye watu na pasipo watu,
Katibu, Chama cha Wasikilizaji Wako

Nyongeza: Barua hii niliiandika Alhamisi, stempu nimeinunua leo Jumatatu, na katikati kulikuwa na Jumamosi. Nilikwenda.

Nilisimama nyuma, karibu na mlango, nikiwa nimepanga kuondoka upesi. Walipiga "Fundi Hajafika" mwisho kabisa. Beti mbili, kiitikio, wakanyamaza, watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nikaendelea kuimba. Sikukusudia, wallahi, mdomo ulijiendea wenyewe. Watoto wale wameukata ubeti wa tatu, mzee wangu, ule ambao fundi anafika! Anafika jasho linamtoka, anausukuma mlango kwa kidole kimoja, kumbe siku zote zile haukuwa umefungwa, na yule wa ndani anamkaribisha chai. Niliuimba wote mpaka neno la mwisho, peke yangu, ukumbi mzima umegeuka kunitazama, mfamasia akiwemo. Mpiga gitaa aliduwaa. Mpiga ngoma aliduwaa. Mwanangu akashika besi yake akanifuata.

Jana aliniuliza mtu aliyeisikiliza kanda mara moja tu aliujuaje ubeti mzima. Nikamwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: niliisikiliza kanda ile mwaka mzima, kila siku, na niliipenda kuliko zote kumi na nne, mpaka wanachama walipoicheka, nami nikacheka pamoja nao. Hakunisema. Alirudisha nyundo yake meza ya mbele, akashika upande wake wa kitambaa, tukaanza kazi.

Kwa hiyo ruhusa iache kama ilivyo, na hoja zote sita nimezifuta. Ninalo ombi moja tu. Waandikie hao watoto, kwa mwandiko wako, kwamba ubeti wa tatu ni lazima, na kwamba unahitaji sauti ya mtu mzima, ikiwezekana fundi. Mimi Jumamosi zote nina nafasi.