Kamba ya Katani

Jumatano, 7 Agosti 1996
Nimeitazama ile picha ya sinema mara tisa. Haina sauti, ni ya zamani za babu zetu, na shujaa wake ni bwana wa mazingaombwe aliyevuma majukwaani Ulaya. Anatekwa, anafungwa kamba mwili mzima. Maandishi ya Kizungu yanapita. Mara huyo, yuko huru, yuko juu ya farasi! Maandishi huwa siyasomi, yananipotezea muda.

Mzee Badawy anatafuta mtangazaji wa kuwaeleza watu picha katika ukumbi wake wa video hapa Voi. Kasema kazi ni ya atakayeujaza ukumbi Jumamosi. Nimemwambia nitafungwa na kujifungua kama yule bwana, huku picha ikionyeshwa. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ninazo za kutosha.

Alhamisi, 8 Agosti
Balaa! Wanyonyi naye anaitaka kazi. Tena amejitolea kunifunga yeye mwenyewe. Miaka kumi na miwili anafunga marobota ya katani shambani! Nilikubali mbele za watu. Ningefanyaje?

Ijumaa, 9 Agosti
Dawa nimeipata. Kamba iloweshwe maji, ilainike! Nimemwomba Wanyonyi, nikasingizia ngozi yangu ni laini. Akakubali mbio, hata ndoo akaleta mwenyewe. Mjinga huyu.

Jumamosi, 10 Agosti, saa nane mchana
Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Nikishindwa, narudi Rukanga kufukuza nyani shambani kwa mama. Wananiita.

Jumapili, 11 Agosti
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Kumbe katani ikilowa hukaza! Kila nikivuta, inauma zaidi. Vidole vikafa ganzi. Nikangojea maandishi, maana hapo ndipo yule bwana hufunguka. Yakaja. Mwalimu Nabwile, aliyekaa kati ya watazamaji, akayasoma kwa sauti: baada ya siku mbili, marafiki zake walimkuta, wakamkata kamba.

Siku mbili! Niliogopa kwelikweli. Nikamwita mama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wanyonyi akanikata kamba kwa panga, kisha akaanza kuieleza picha kwa ile sauti yake ya ng'ombe dume, akapigiwa makofi. Kazi kapewa yeye. Nimelia, sifichi.

Lakini kosa nimeliona: ni kamba. Ipo kaseti ya pili, yule bwana anafungiwa ndani ya pipa na kutumbukizwa mtoni. Maandishi yake sijayasoma, ila ni mafupi. Syombua wa dukani ameniazima pipa. Kifuniko nimekijaribu. Kinabana vizuri kabisa.