Vis za Plafon Zinachungulia

Jumatatu, 13 Oktoba

Saba! Jana zilikuwa nne. Vis za plafon ya salon, yaani skrubu za dari ya sebuleni, zimetoa vichwa, kila moja na kivimbe chake cheupe, rangi imepasuka pembeni. Nyumba haijamaliza hata miezi mitatu. Plafon ya jipsamu, ya kwanza kwenye avenue yetu hapa Kabondo! Watu walikuwa wanakuja kuiangalia midomo wazi. Sasa ninaiangalia mimi peke yangu, na shingo inauma.

Jumamosi anakuja papa Néhémie, baba mkwe. Mke wangu Kahambu alienda kuzalia kwao Mangobo, na mzee amesema hatamrudisha na mtoto mpaka aone kwa macho yake nyumba niliyojenga. Na mzee huyo alikuwa menuisier. Miaka arobaini alikuwa anapiga randa! Émilie wangu ana miezi minne na nimempakata mara sita tu.

Papy, fundi aliyefunga plafon, simu yake haipatikani. Mke wake anasema yuko Bafwasende kwenye dhahabu. Kosa ni lake. Mbao zinazoshika bodi za plafon haziwezi kuwa na kosa, nilizichagua mwenyewe kule Lubunga, ng'ambo ya mto, nikiziinua moja moja. Nyepesi zote nilikataa. Nilichukua nzito tupu, hadi mwenye pirogue ya kutuvusha alinung'unika kwamba nitatuzamisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Tisa. Lakini leo nina akili.

Nimekoroga unga wa muhogo na maji moto, nikatia rangi nyeupe kidogo, nikapanda meza, nikapaka kila kichwa. Laini! Huwezi kuona kitu. Quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi, wanauza mastic ya kuzibia, najua, lakini mastic inataka usubiri ikauke, upige msasa, upake tena. Mimi nina siku nne.

Jirani Sylvain alipita mlangoni na kapu lake la samaki. Huyu ni mtu wa mto, wa Yanonge, plafon yake ni triplex, plaiwudi ya kawaida, na anaringa nayo. Akauliza kwa nini ninalisha plafon fufu. Nikamjibu kwamba ni teknik mpya ya Kinshasa. Alicheka mpaka kapu likayumba.

Jumatano, 15 Oktoba

Mungu wangu, siafu! Wameingia kwa dirisha, wamepanda ukuta, wamegawana vis zote tisa, kila kichwa na kundi lake. Mstari mweusi kutoka kona mpaka kona. Nimepiga ufagio, wakanidondokea kwenye kola. Nimevua shati mbele ya avenue nzima.

Sylvain aliuliza kwa upole kama nimeanza ufugaji. Halafu akajitolea kuleta kuku.

Nimepuliza dawa. Siafu wamekufa, lakini wamekufa palepale, ndani ya muhogo. Sasa ninazo vis kumi na moja, na tisa zina ndevu.

Kahambu alipiga simu. Aliuliza nyumba iko aje. Nilisema iko bien. Akasema Émilie ameanza kucheka kwa sauti. Nilitaka kusikia, mtandao ukakata. Nilikaa chini ya zile vis nikajionea huruma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nguvu! Hiyo ndiyo ilikosekana. Nimechukua tournevis, nimeanza kukaza vis moja moja. Tano zimetii. Ya sita imezama, imepasua karatasi ya jipsamu, imepitiliza upande wa pili. Ya saba vilevile. Sasa pana vishimo viwili, na bamba lote limelegea, ukisema kwa sauti linaitikia.

Sylvain alikuja bila kuitwa. Akatazama. Akasema eti nisikaze tena, nitoe vis mbovu, nipige nyingine pembeni kidogo, lakini nisipake kitu chochote kwanza, maana hiyo mbao bado inacheza. Inacheza! Mtu wa samaki anifundishe plafon? Nikamshukuru kwa kumwonyesha mlango.

Nimebaki na wasiwasi. Mbao inacheza nini?

Ijumaa, 17 Oktoba

Kumi na nne. Sijala. Kila mara nasikia *tk* juu ya kichwa, naruka. Mara nyingine ni mjusi.

Bon. Kama siwezi kuziponya, nitazivika. Nimeenda kwa mama Annette, yule anayepamba masali, kumbi za harusi, nimeazima vitambaa vyake, vyeupe na vya njano. Nimevipigia pini plafon nzima, vikaning'inia katikati na kupanda pembeni kama ndani ya kanisa siku ya Noeli. Hakuna vis! Hakuna siafu! Nitasema ni heshima kwa mkwe. Mzee atafurahi, atasali, atakunywa bia yake, atanipa mke wangu. Nimejipongeza kwa soda baridi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Walifika saa nne. Mzee mbele, suti ya kijivu, na nyuma yake Kahambu mwenyewe, Émilie mgongoni! Sikutegemea. Nikamkalisha mzee kwenye kiti kikubwa, katikati kabisa. Akatazama juu. Akauliza harusi ni ya nani. Nikasema ni yake yeye, namaanisha heshima yake.

Hapo mvua ikaanza. Mabati yakanguruma, plafon ikatetemeka, na kule ndani ya kitambaa nikasikia vipande vya muhogo mkavu vinaporomoka, kimoja, viwili, vingi. Kitambaa kikaanza kushuka tumbo. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba tutoke tukaone jikoni. Mzee alisema yuko vizuri hapa. Pini zikaachia.

Kitambaa chote kichwani mwake! Na unga, na siafu wafu, na vis mbili.

Alikuwa mweupe kama mwokaji mikate. Akatoa siafu mmoja kwenye nyusi. Akanusa. Akauliza kwa nini nyumba yangu inanuka fufu.

Nilisimulia yote. Hakugomba, na hilo ndilo liliniogopesha. Alivua koti, akapanda meza na miaka yake yote, akaingiza vidole kwenye vishimo vyangu, akagusa mbao. Akanionyesha vidole. Vilikuwa na maji. Akauliza nani alichagua mbao hizi. Nikasema mimi, kwa fahari kidogo, na kwamba nilichukua nzito tu.

Mzee alishuka polepole. Akasema uzito ule ni maji, mbao ilikatwa wiki ile ile, ilikuwa bado mti. Sasa inakauka, inasinyaa, inakimbia bodi, na vis inabaki pale ilipo, kichwa nje. Hakuna ubaya, akasema. Kila nyumba ya haraka inafanya hivyo. Dawa yake ni kungoja.

Nikangoja amchukue mke wangu waondoke. Kumbe Kahambu alikuwa amekaa sakafuni, anacheka mpaka machozi, na Émilie anacheka kwa sababu mama yake anacheka. Kwa sauti kweli! Kahambu akamwambia baba yake kwamba yeye hakuolewa na plafon, na kwamba amechoka kulala kitanda kimoja na dada zake wawili. Jumatatu atahamia.

Mzee alikubali kwa sharti moja. Nisiguse kipande chochote cha mbao ndani ya nyumba hii mpaka jua la Januari. Atakuja yeye, atahamisha vis, atapaka mastic, rangi, mwisho. Akanishika mkono. Nikaapa mbele ya mke wangu na mtoto wangu. Nililia. Nilisingizia vumbi la muhogo.

Jumanne, 21 Oktoba

Kahambu yuko nyumbani tangu jana. Vis kumi na tisa, na sijali hata moja! Asubuhi nimempakata Émilie mpaka mkono ukafa ganzi. Mimi ni mtu mwenye heri, na ni mtu aliyebadilika.

Sasa Kahambu ameenda sokoni na mtoto, na toleka, mwenye baiskeli ya abiria aliyempakia, amesema watarudi saa sita. Mlango wa chumba unakwama kwa chini. Unakwaruza simenti, *krrr*, utamwamsha mtoto. Papa alikuwa anazungumzia plafon. Mlango si plafon. Ni milimita chache tu, dakika kumi.

Nimeazima msumeno kwa Sylvain. Aliuliza wa nini, nikasema kuni.

Nimeung'oa mlango, nimeulaza mezani, nimekata. Safi, mstari umenyooka! Nimeurudisha. Unakwama palepale. Juu pana nafasi ya kupitisha paka.

Kumbe nimekata upande wa juu.

Bon. Tusiogope. Nikiugeuza, juu ikawa chini, hautakwama tena, na ile nafasi itakuwa chini, kwa ajili ya hewa. Kitasa kitakuwa usawa wa goti, lakini Émilie atakua, atakipenda. Nasikia kengele ya toleka kwenye avenue. Bado bawaba mbili.